Kikombe, Majira na Chipukizi: Taswira ya Chai katika Mandhari ya Kisii na Nyamira

Taswira ya mtu aliyetulia na kikombe mkononi, majira ya kuchipua yakiwadia, iliwafikia wasomaji wa Kiswahili kwa njia ya tafsiri. Edward FitzGerald alizitoa rubai za Omar Khayyam kwa Kiingereza mwaka 1859. Shaaban Robert akazileta katika Omar Khayyam kwa Kiswahili (1952). Kikombe hicho ni cha mvinyo, na mnywaji wake anaukimbia wakati upitao. Makala haya yanadai kwamba kikitiwa chai na kuwekwa katika mandhari ya Kisii na Nyamira, maana yake hugeuka.

Mgeuko wa kwanza ni wa majira. Nyanda hizo zi karibu na Ikweta, wala ardhi yake hailali kwa baridi hata ingojewe kuamka. Mwandishi anayeweka masika mahali pa majira ya kuchipua hupata ulinganifu wa kalenda tu. Mvua za Machi hadi Mei huzidisha majani chai shambani, nayo mikono hudaiwa kazi zaidi.

Mgeuko wa pili, ulio mzito zaidi, ni wa chipukizi. Katika ushairi wa nchi za baridi, chipukizi aghalabu ni ishara ya kutazamwa. Katika shamba la chai huchumwa, pamoja na majani mawili machanga. Uchumaji huo wa kila mara ndio unaouzuia mmea kuwa mti na kuchanua. Huulazimisha uchipue upya. Kwa hiyo kuchipua huko hakungojewi: hutengenezwa kwa vidole. Kilo moja ya chai kavu hudai takriban kilo nne hadi tano za majani mabichi.

Yamkini mhakiki akashawishika kuishia hapo, akaona katika kikombe mnyonyaji na mnyonywaji tu. Historia inamzuia. Serikali ya kikoloni iliwanyima Waafrika kilimo cha chai kwa muda mrefu, hata Mpango wa Swynnerton wa 1954 ulipofungua mlango kwa wakulima wadogo. KTDA iliundwa mwaka 1964 kuwahudumia. Kutokana na hayo, katika Kisii na Nyamira mchumaji na mnywaji huweza kuwa mtu mmoja. Alasiri, majani yakisha kupimwa kituoni, yeye naye huketi na kikombe cha chai ya maziwa.

Utulivu wake ni wa kweli, ila una asili nyingine. Ule wa Khayyam hutangulia hasara ya wakati. Huu hufuata mizani. Mwandishi anayemchora mtu huyu akinywa chai, asitaje kikapu alichokitua mgongoni, ameazima utulivu wa shairi jingine. Mhakiki naye hana budi kuuliza kikombe kimetanguliwa na saa ngapi za kazi, kabla ya kukisifu kwa amani yake.