Wimbo wa Taifa na Dhamiri ya Mtoto

Tarehe 12 Julai 2013 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, ikiwa Mbeya, ilitoa hukumu ambayo wanatheolojia hatuna budi kuitafakari. Wanafunzi 127 wa Mashahidi wa Yehova walikuwa wamekataa, kwa heshima, kuimba Wimbo wa Taifa. Watano walifukuzwa shule ya sekondari ya Shikula, wilayani Mbozi, sehemu ambayo tangu 2016 imo katika Mkoa wa Songwe, wengine waliadhibiwa. Mahakama Kuu iliwakatalia. Mahakama ya Rufani iliwapa haki, ikieleza kwamba hakuna sheria iliyoandikwa inayomlazimisha mtu kuuimba. Ng'ambo ya mpaka wa Tunduma mambo yalikuwa kinyume: mwaka 1967, katika shauri la mtoto aitwaye Kachasu, Mahakama Kuu ya Zambia ilikubali asimamishwe shule kwa sababu hiyo hiyo.

Sisi Walutheri hatukubaliani na mafundisho ya Mashahidi. Ungamo la Augsburg la 1530, katika ibara ya 16, lafundisha kwamba Mkristo aweza kushika madaraka ya serikali na hata kuapa pasipo dhambi. Kwa hiyo watoto wetu na waimbe kwa furaha. Je, yafuata kwamba asiyeimba alazimishwe? La hasha! Luther mwenyewe, mwaka 1523, alionya kwamba upanga wa serikali haufiki rohoni.

Tena, wimbo wenyewe ni sala. Asili yake ni utenzi alioutunga Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni huko Afrika Kusini, mwaka 1897. Mtoto anayeomba kwa kuogopa fimbo hajaomba. Amefundishwa kulitaja bure jina la Mungu. Hapo Amri ya Pili yavunjwa na mwalimu, si na mwanafunzi.

Wengine husema kwamba mpakani, penye makabila na mataifa mengi, kiapo cha pamoja hujenga umoja. Hoja hii si ya kupuuzwa. Lakini anayesimama kimya kwa adabu habomoi umoja. Anayemfukuza ndiye anayempunguzia taifa raia mmoja mwenye elimu.

Hata hivyo, hoja ya kutokuwapo kwa sheria ni nguzo nyembamba, maana sheria yaweza kutungwa kesho. Mwaka 1938 wachungaji wa Ujerumani waliamriwa kumwapia Hitler, na wengi waliapa. Walikuwa na Rum. 13 mikononi, walichosahau ni Mdo. 5:29. Ndiyo maana Kanisa halina budi kuitetea dhamiri kwa msingi wa Neno, si kwa kukosekana kwa sheria tu.

Basi mchungaji anayefundisha kipindi cha dini shuleni asifurahie adhabu ya mtoto wa dhehebu lingine. Amfundishe penye kosa, na amtetee mbele ya mwalimu mkuu. Siku ya dhamiri zetu kujaribiwa, tutahitaji mlango ule ule uwe wazi.