Mtu Mmoja Juu ya Mto

Rakugo ni sanaa ya Kijapani ambayo, ukiitazama juujuu, haina cha kumpa mchora katuni. Msimulizi hupiga magoti juu ya mto na hainuki mpaka hadithi iishe. Vifaa vyake ni pepeo na kitambaa. Wahusika wote ni yeye: akielekeza uso upande huu ni mwenye nyumba, upande ule ni mwizi. Studio Deen ilipogeuza riwaya ya picha ya Haruko Kumota, Shouwa Genroku Rakugo Shinjuu, kuwa anime ya televisheni mwaka 2016, njia ya mkato ilikuwa wazi: mwizi akitajwa, achorwe. Mwongozaji Mamoru Hatakeyama karibu kila mara aliikwepa, na humo ndimo ilimo nguvu ya kazi hii. Kinachochorwa ni mwili unaosimulia.

Mfano upo katika kipindi cha kwanza kabisa. Yotaro, kijana aliyetoka gerezani, anasimulia Dekigokoro, hadithi ya mwizi asiyejua wizi, huku mkubwa wake wa zamani katika genge akiwa ukumbini. Mwizi hatumwoni hata mara moja. Tunaona jasho kwenye paji la uso, mabega yanavyopanda, na kicheko kinachoenea ukumbini hadi kumfikia yule jambazi. Kisa kinaachwa kitiririke kwa dakika nyingi bila kukatwakatwa, kwa sababu mzaha wa rakugo hujengwa polepole. Ukionyeshwa vipande, mtazamaji ataambiwa tu kwamba Yotaro anachekesha, naye mwenyewe hatacheka.

Atatokea wa kusema kwamba huu ni ubahili uliovikwa joho la sanaa: mtu aliyekaa ni rahisi kumchora. Hoja ina uzito, maana katuni za televisheni za Japani zimezoea kubana idadi ya michoro. Lakini mtu aliyetulia hana pa kuficha kosa. Kidole kikishika pepeo vibaya, au jicho likichelewa kumgeukia mhusika wa pili, udanganyifu wote umevunjika. Pingamizi zito zaidi ni hili: kwa nini asirekodiwe tu msimulizi halisi? Jibu ni umri. Kikuhiko, ambaye baadaye hurithi jina la Yakumo wa nane, tunamfuata tangu kabla ya vita hadi uzeeni, na Akira Ishida anambeba kwa sauti kutoka ujana mpaka mwisho. Kijana anakimbilia maneno, sauti nyembamba, nao wasikilizaji wamepoa. Mtu wa makamo anaacha kimya kifanye kazi; mkono unasogea kidogo tu, na ukumbi mzima unamfuata. Hamu yake ya ukubwa inasomeka kwenye mwendo wa pumzi, bila mtu kuitangaza. Kamera ya kawaida ingehitaji waigizaji wawili au watatu, na uzi huo ungekatika.

Ukali wa kanuni hiyo unaonekana inapovunjwa. Katika msimu wa pili, wa mwaka 2017, Yakumo mzee anasimulia Hangonko, hadithi ya ubani unaoita wafu. Moshi unatanda, Miyokichi, mwanamke wa ujana wake aliyekwisha kufa, anatokea mbele yake, naye anaanguka jukwaani. Aliyetokea si mhusika wa hadithi. Ni deni la msimulizi mwenyewe. Picha hiyo inatisha kwa sababu kwa vipindi vingi tumezoeshwa kutoona chochote zaidi ya mtu na mto wake. Ndiyo maana kipindi cha karibu na mwisho, kinachompeleka Yakumo ahera na kumkutanisha na wapendwa wake, ni dhaifu kidogo ingawa wengi wanakipenda: kila kitu kimechorwa mbele ya macho yetu, hata masikio hayana tena kazi ya kufanya.