Sijui Kusuka

Bibi yangu ana ugonjwa wa kusahau. Juzi nilimkuta barazani akisuka ukili, nikamsifu kwamba anajua kusuka. Akanitazama kama mgeni. "Sijui kusuka, mwanangu," akasema, na vidole vyake havikusimama.

Jibu hilo limenirudisha kwa wanafalsafa wawili wanaoyajenga maarifa juu ya kujitambua. Descartes, katika Tafakuri zake za 1641, alitilia shaka kila kitu mpaka akabakiwa na jambo moja: maadamu anafikiri, yupo. Lakini uhakika huo ni wa wakati uleule wa kufikiri. Kuhusu jana haumwambii mtu lolote. Bibi haumsaidii wala haumdhuru.

Kant ndiye anayenisumbua. Katika kitabu chake cha 1781 cha kuhakiki akili anatoa mfano wa kuchora mstari kichwani: kama kila kipande kingesahaulika mara kingine kinapofuata, mstari mzima usingepatikana kamwe. Vipande lazima viunganishwe katika fahamu moja. Toleo la 1787 linaongeza kwamba ile "mimi nafikiri" lazima iweze kuandamana na kila wazo langu.

Nusu ya kwanza naikubali. Ukili ni mstari huo: kila ukindu unaolazwa unautegemea uliotangulia. Nusu ya pili inanikwama. Kant alijihadhari, hakudai kwamba "mimi" iandamane na wazo kila mara, ila iweze tu. Sasa bibi hawezi. Kazi ya kuunganisha inafanyika, na anayeulizwa kama ni yake anakana.

Mtetezi wa Kant ataniambia kwamba huo ni ustadi wa mikono tu, na yeye alizungumzia hukumu za akili. Ningekubali, lau nisingemwona bibi akisita, akaguna, akafumua alipokosea, akasuka upya. Kufumua ni kuhukumu kwamba hapa si sawa.

Basi naona kujitambua ni shahidi wa maarifa, tena shahidi anayeweza kukosea. Kant alimpa umiliki.

Nyumbani tumezoea kusema, mbele ya bibi mwenyewe, kwamba siku hizi hajui kitu. Mimi nimeacha kusema hivyo.