Muuguzi, Simu na Mwongozo Mmoja

Muuguzi wa zahanati katika Kaunti ya Kakamega, awe Navakholo, Khwisero au Likuyani, mara nyingi ndiye mhudumu wa kwanza kukutana na mtu mwenye sonona au kifafa. Daktari bingwa yuko mbali. Kinachowaunganisha ni mwongozo wa pamoja. Shirika la Afya Duniani lilianzisha mhGAP, mpango wa kuziba pengo la huduma za afya ya akili, mwaka 2008, likatoa mwongozo wa matibabu mwaka 2010 na toleo la pili mwaka 2016, makusudi kwa wahudumu wasio mabingwa.

Hojaji ya PHQ-9, inayopima sonona, inaonyesha ubora wa kutumia kipimo cha pamoja. Maswali yake tisa yanahusu wiki mbili zilizopita, kila jibu lina alama 0 hadi 3, na jumla haizidi 27. Muuguzi akimpigia bingwa simu na kutaja alama 18, wote wawili wanajua uzito wa hali hiyo. Swali la tisa, linalogusa mawazo ya kufa au kujidhuru, ndilo zito kuliko yote: jibu lolote linalozidi sifuri humtaka muuguzi aulize zaidi papo hapo, hata jumla ikiwa ndogo.

Karatasi, hata hivyo, haimsikilizi mtu. Wagonjwa wengi huanza kwa kulalamikia kichwa, usingizi au uchovu. Kutambua majonzi yaliyojificha humo ni kazi ya muuguzi, naye huifanya katikati ya foleni ya malaria na chanjo. Wauguzi hawa wanastahili heshima kubwa. Wanastahili pia dawa zisizokatika, muda wa simu uliolipiwa, na bingwa anayepokea.