Mikono Kwanza, Injini Baadaye

Wapenzi wa magari hupenda kuhesabu farasi. Mwaka 1964 kampuni ya Mercury ya Marekani ilitoa Comet Cyclone, toleo kali la gari lake dogo Comet: injini ya silinda nane, lita 4.7, nguvu ya farasi 210. Dogo kwa macho ya Wamarekani, maana kwenye kichochoro cha Katuba, hapa Lubumbashi, lingeziba njia. Miezi michache kabla, Comet nne zilikuwa zimezungushwa usiku na mchana katika uwanja wa Daytona, Florida, hadi kila moja ikatimiza maili 100,000 kwa wastani wa zaidi ya maili 105 kwa saa. Lami laini, mafuta tele, mafundi wamejipanga pembeni. Nani asingejisifu?

Pasaka ya 1964 Wamarekani wakazileta Comet sita Afrika Mashariki, kwenye mashindano ya magari ya Safari. Huko hakuna uwanja. Kuna tope, mashimo, mito iliyofurika, na vumbi linaloingia hadi kwenye meno. Mbili tu zilimaliza, tena nyuma sana. Ushindi ulikwenda kwa Peter Hughes na Billy Young katika Ford Cortina GT, gari la Kiingereza lenye injini ya lita 1.5.

Miongoni mwa waliopewa Comet alikuwamo Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, Kenya, ambaye kabla ya kuwa dereva maarufu alikuwa fundi, mtoto wa gereji ya baba yake. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant waliingia na Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, gari lenye umbo la kizamani ambalo hakuna kijana angeligeukia barabarani. Wakashinda. Akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer, gari dogo vilevile. Mimi sioni bahati hapo. Namwona mtu ambaye mkono wake umeshika spana miaka mingi, anayesikia bushi inayolegea kabla haijakatika, na anayejua lini apunguze mwendo ili gari lifike.

Mikono ya namna hiyo iko Lubumbashi, ingawa hakuna anayeipigia picha. Mji huu ulianza 1910, mwaka ambao reli ilifika kutoka kusini, na tanuru la shaba likafuata. Karakana za kampuni ya madini ya Union Minière, na baadaye Gécamines, zilifundisha vizazi vya watu kuchomelea, kuchonga chuma na kupima kwa jicho. Kampuni ilipodhoofika, ujuzi ule haukufa. Ulihamia chini ya miembe, kwenye magereji ya Kenya (jina la wilaya yetu hapa mjini, si nchi ya Safari), ya Katuba na ya Ruashi.

Kazi yao ninayoistahi kuliko zote ni kuhamisha usukani. Magari madogo ya Japani huingia kupitia Zambia na mpaka wa Kasumbalesa yakiwa na usukani wa kulia, nasi Kongo twaendesha upande wa kulia wa barabara. Katika muongo wa 2010 serikali ilitangaza kuyapiga marufuku, lakini bado yamejaa mjini. Fundi hung'oa dashibodi, hutoboa ukuta wa chuma ulio kati ya injini na abiria, huhamisha pedeli na pampu ya breki, hurefusha nyaya, kisha hutafuta mtambo wa usukani unaofaa upande wa kushoto. Akikosea weldi moja tu, gari litamfia mtu mikononi kwenye mteremko wa njia ya Likasi. Fundi wa kubabaisha akishahamisha usukani huishia hapo, akapaka rangi, akadai pesa. Fundi wa kweli anakumbuka vifuta kioo, vilivyopangwa kumsafishia dereva wa kulia. Anakumbuka na taa: mwanga wa gari lile umeelekezwa kushoto, na kwetu kushoto ndiko anakotokea mwenzako usiku.

Kwa hiyo msomaji, ukileta gari kutoka Kasumbalesa, usianze na bei wala na nguvu ya injini. Mwulize fundi atafanya nini na taa. Asipokuwa na jibu, usimwachie ufunguo. Akiwa nalo, mlipe anachostahili, wala usimpunguzie.