Kitu na shamba lake: makumbusho ya Cortona kwa macho ya agronomu



Mtu akiingia makumbusho, ao muze kama tulivyozoea kusema, maswali yanayomjia haraka ni mawili: kitu hiki kina miaka mingapi, na kingeuzwa bei gani? Mi niliyesoma agronomia niko na swali la tatu, na naona njo lenye maana zaidi: kitu hiki kilitoka shamba gani? Nani alikuwa analima pale, udongo wake ulikuwa wa namna gani, maji yalipita wapi? Leo nataka kupima kwa swali hilo makumbusho madogo niliyotembelea nikiwa staji Italia, katika mji wa Cortona. Nitasifu, na nitakosoa. Kiisha tutaona sababu gani jambo hili linatuhusu sisi watu wa Kongo, hata yule ambaye hana mpango wa kufika kule.

Cortona ni mji wa Toscana uliojengwa juu ya kilima, karibu meta 500 kutoka usawa wa bahari. Treni haipandi. Inakuacha chini, Camucia, kiisha unapanda kwa basi ao kwa miguu. Mtu wa Bukavu hataogopa ule mteremko. Kuta za mji, sehemu ya chini, ni mawe makubwa ya Waetruski, watu waliokaa sehemu hiyo mbele ya Waroma kuwatawala. Juu ya mawe hayo watu wa karne za kati waliongeza ya kwao. Ukisimama ukutani unaona bonde lote la Valdichiana, na kwa mbali ziwa Trasimeno linang'aa. Shikeni vizuri picha ya bonde hilo, juu bila bonde makumbusho yale hayana maana.

Yanaitwa MAEC, na yako ndani ya Palazzo Casali, jumba la zamani katikati ya mji. Hayakuanza na serikali. Mwaka 1727 ndugu watatu wa ukoo wa Venuti pamoja na wenzao waliunda chama cha wasomi, Accademia Etrusca. Walikusanya vitabu na vitu vya zamani, wakasoma, wakabishana, wakaandika. Mkubwa wa chama walimwita Lucumone, jina la wafalme wa Waetruski. Cheka tu, lakini chama hicho kiko hai mpaka leo, karibu miaka 300. Vyama vyetu vya wasomi vingapi vinavuka miaka 10? Vingi vinakufa siku michango inapokauka, ao siku rais wa chama anapopata kazi nzuri. Mi naona hawa walidumu juu walikuwa na kazi ya mikono ya kufanya pamoja. Mikutano peke yake haingewafikisha pale.

Kitu kinachojulikana sana humo ndani ni taa ya bronzi ya kutundika. Ina uzito wa karibu kilo 58, upana wa sentimita 60, na midomo 16 ya mafuta na utambi. Katikati kuna uso wa Gorgon, zimwi la kike lililotoa ulimi. Kumzunguka kuna wanyama wanaowindana, kiisha mawimbi ya maji, kiisha viumbe nusu mtu nusu mnyama. Urembo wote uko upande wa chini, juu aliyeitengeneza alijua watu wataitazama wakiwa wamesimama chini yake. Huyo fundi hakufanya kazi ya kulipua.

Taa hiyo ilitoka Fratta, kule chini bondeni, mwaka 1840. Hakuna mtaalamu aliyekuwa anaitafuta. Ilitoka shambani kwa bahati, na pamoja nayo kibao chenye jina la ukoo wa Musni. Hapa njo nguvu ya makumbusho madogo inaonekana. Unatoka mlangoni, unaenda ukutani, unanyoosha kidole: ilitoka pale. Ingekuwa London ao Paris, ingekuwa taa nzuri kati ya vitu elfu. Cortona ni taa ya bonde hili, na mizeituni bado inasimama kwenye mteremko wa kilima kile kile. Kwa swali langu la shamba, hapo natoa pointi zote.

Kitu cha pili ni cha kwetu kabisa sisi tuliosoma mambo ya ardhi. Ni bamba la bronzi lenye urefu wa karibu sentimita 50, limeandikwa pande mbili, mistari 40. Linaitwa Tabula Cortonensis. Lilipatikana mwaka 1992 likiwa limevunjwa vipande 8, na kimoja kinakosa. Inaonekana mtu wa zamani alilivunja makusudi ili aliyeyushe. Lugha ya Kietruski inasomeka kwa sauti lakini sehemu kubwa ya maneno maana yake haijulikani, kwa hiyo wataalamu wanabishana. Wengi wao wanasoma humo mkataba wa ardhi: kuna neno la shamba la mizabibu, kuna jina la ziwa Trasimeno, kuna mtu aitwaye Petru Scevas, kuna watu wa ukoo wa Cusu, kiisha orodha ndefu ya majina, kama mashahidi.

Nilisimama pale muda mrefu. Zaidi ya miaka 2000 iliyopita watu walitaka kipande cha shamba kisibishaniwe, wakaandika majina ya wote kwenye chuma kisichooza. Sisi huku kesi za mashamba ndizo zinajaza matribinali na kugawanya familia: mzee anakufa, karatasi haionekani, mashahidi wamehama, na watoto wanashikiana mapanga juu ya mpaka wa miti miwili. Mtu yeyote wa Masisi, Kalehe ao Walungu anaelewa bamba lile bila mkalimani.

Lakini bamba hilo lenyewe liko na kidonda. Lililetwa kwa polisi na mjenzi aliyesema alilipata Camucia, na mpaka sasa wataalamu wanabishana kama kweli lilitoka pale. Kwa hiyo tuko na mkataba wa shamba, na hatujui kwa uhakika bamba lilitoka udongo gani. Kama tungejua, tungejua lilikuwa ndani ya nyumba, ao hekalu, ao karakana ya myeyushaji, na mabishano mengi yangepungua. Taa iko na shamba lake, bamba limepoteza la kwake. Makumbusho yale yanakufundisha tofauti hiyo kwa vitu viwili tu, na kwangu hilo ni somo kubwa kuliko dhahabu.

Sasa nikosoe.

Kwanza, kuna vitu vya Misri. Guido Corbelli, askofu aliyekuwa mjumbe wa Papa kule Misri na Arabia, aliitolea Akademia mkusanyo wake mwishoni mwa karne ya 19. Kuna mashua ndogo ya mbao ya mto Nile, na vibaharia vyake. Ni nzuri sana. Mbao imedumu maelfu ya miaka juu mchanga wa Misri ni mkavu. Bondeni Valdichiana, penye maji mengi, ingeoza zamani. Lakini nenda ukutani na swali langu: utanyoosha kidole wapi? Hakuna. Mtoto wa Cortona anaona mashua bila mto, na mtoto wa Misri anaona mto bila mashua. Simlaumu mtu aliyekufa zamani kwa desturi za siku zake. Nasema tu: chumba hicho kinapendeza macho, lakini hakiungani na nyumba nyingine.

Pili, na hii njo lawama yangu kubwa: mkulima anaonekana kidogo mno. Kule Sodo, chini ya kilima, kuna makaburi makubwa ya vichuguu vya udongo, ya karne ya 6 mbele ya Kristo. Moja liko na ngazi ya mawe yenye sanamu, na ndani mlitoka vito vya dhahabu. Vizuri. Lakini nani alikuwa anawalisha waliozikwa na dhahabu? Najua jibu la wachimbaji: nyumba ya maskini ni mbao na udongo, inaoza, dhahabu haiozi. Ni kweli. Lakini bonde lenyewe ni hati iliyo wazi. Lilikuwa kinamasi kwa karne nyingi. Leonardo da Vinci alilichora kwenye ramani. Vittorio Fossombroni aliandika kitabu juu ya maji yake mwaka 1789, na kazi ya kulikausha ilifanywa kwa akili: waliacha mito yenye matope iingie sehemu za chini, matope yatulie, ardhi ipande polepole. Ni elimu ya udongo ya hali ya juu, na wenzetu wanaoshughulika na vinamasi vya Kivu wangefaidi kuisoma.

Kiisha matunda ya ardhi hiyo yaligawanywaje? Kwa mkataba wa nusu kwa nusu: mwenye shamba nusu, mlimaji nusu. Mikataba mipya ya namna hiyo ilikatazwa na sheria ya Italia mwaka 1964 tu. Mi ningependa mikono hiyo ipewe nafasi sawa na vito vya makaburini, juu ni majembe yaliyoendelea kufunua vitu vya zamani. Mgeni anatoka akijua majina ya koo tatu za matajiri, na hakuna jina la mlimaji hata mmoja.

Hata hivyo hukumu yangu ni hii: ni makumbusho mazuri, juu sehemu yake kubwa imekaa karibu na udongo wake. Kasoro zake zinaonekana vizuri kwa sababu hiyo hiyo.

Na sisi? Mfupa wa Ishango, wenye mikato ambayo dunia nzima inaisoma kama hesabu ya zamani, ulichimbwa mwaka 1950 na Jean de Heinzelin, pale mto Semliki unapotoka ziwa Edward. Uko Bruxelles. Mtoto wa Ishango anauona kwenye telefone, kama akipata mega. Kwa upande mwingine, Sanga, kwenye ziwa Kisale, wataalamu walianza kuchimba makaburi mwaka 1957: vyungu vizuri ajabu, chuma, misalaba ya shaba. Sehemu ya vitu vya Sanga iko kwenye makumbusho ya Lubumbashi, ndani ya Katanga. Sasa kazi haijaisha, juu vitu vinaendelea kutoka, na havitoki mikononi mwa maprofesa. Vinatoka chini ya jembe la mama anayepanda muhogo.

Sisi maagronomu njo watu wa kwanza kufika pale. Tunachimba shimo la profili, tunasoma tabaka za udongo, tunaona makaa, tunaona vigae. Mara nyingi tunavitupa pembeni na kuandika pH. Kuanzia sasa tuongeze mistari mitano kwenye daftari: kijiji, kilima, jina la mwenye shamba, kina cha sentimita ngapi, picha ya kitu kikiwa bado mahali pake. Tusichimbe zaidi, tusiuze, tusimpe mpita njia. Tumjulishe mkubwa wa kijiji na watu wa makumbusho ao wa historia kwenye iniversite iliyo karibu. Na jina la mama aliyekipata liandikwe, ili siku moja lisikose kwenye kibao kama walimaji wa Valdichiana.

Jumba linaweza kungoja pesa. Daftari halingoji, juu shimo likifukiwa, kile kitu kimepoteza shamba lake milele.

Kwenye kilima chenu, ni kitu gani kilitoka chini ya jembe? Mutuandikie hapa chini. Na muandike jina la shamba.