Mwaka Haukupotea

Mwalimu wa redio alikuwa na tabia moja. Akishauliza swali, alinyamaza kidogo, sekunde tatu nne hivi, kisha akasema "vizuri sana" na kuendelea na somo. Kwetu Kayole, ndani ya zile sekunde, ungesikia mtoto wa jirani akilia, mtu akivuta ndoo kwenye korido ya ploti, na mdogo wangu akigeuza mandazi kwenye mafuta. Swali halikujibiwa na mtu. "Vizuri sana," alisema mwalimu.

Nimeukumbuka ule ukimya kwa sababu miezi hii nimekuwa nikisoma tena vitu tulivyoandika kuhusu 2020. Sisi vijana wa mtaa tuliandika sana. Kila mtu alikuwa na shairi la Korona kwenye simu. Nikisoma sasa, naona mengi ni ya aina mbili. Aina ya kwanza ni ya kilio: ewe gonjwa, umetufungia shule, umetuharibia maisha. Aina ya pili ni ya kupiga makofi: Wakenya ni wabunifu, tukipewa limau tunakamua juisi. Zote mbili zinafanana na yule mwalimu wa redio. Zinauliza, zinanyamaza kidogo, halafu zinajisifu zenyewe kabla mtu hajajibu.

Tukumbushane mambo yalivyokuwa. Tarehe 13 Machi 2020, Ijumaa, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe alitangaza kisa cha kwanza nchini. Jumapili, Rais Uhuru Kenyatta akafunga shule. Wa kutwa hawakurudi Jumatatu, wa bweni walipewa hadi Jumatano, na sisi wa vyuo vikuu hadi Ijumaa. Tarehe 27 kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Tarehe 6 Aprili Nairobi ikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Serikali, kupitia taasisi ya mitaala, KICD, ikasema masomo yataendelea hewani: redioni, kwenye runinga, YouTube na mtandaoni.

Mimi nayasoma yale masomo ya redio kama ninavyosoma hadithi au tamthilia, kwa kuuliza: huyu anamwambia nani? Kila kazi ya sanaa ina msikilizaji wake kichwani. Msikilizaji wa somo la redio alikuwa mtoto aliye na meza, daftari jipya, betri au stima, chumba kisicho na kelele, na mtu mzima asiye na haraka wa kumwelekeza. Ni mtoto mzuri sana huyo. Sikumwona kwenye ploti yetu. Walimu wenyewe siwalaumu, maana walifanya kazi ngumu kwa siku chache na sauti zao zilikuwa na upole wa kweli. Kasoro ilikuwa kwenye lile neno "yataendelea". Ukisema masomo yanaendelea, asiyeyafuata anakuwa mzembe. Kosa linahama kutoka kwa mpango hadi kwa mtoto, na hakuna aliyeliona likihama.

Kisha kuna sentensi ya Kagwe. Mnaikumbuka. Alionya kwamba tukiendelea kuishi kama kawaida, ugonjwa huu utatushughulikia isivyo kawaida. Aliisema kwa Kiingereza, ikageuka utani, ikawa msemo wa kila mtu kuanzia kondakta hadi mhubiri. Kama sentensi, iko sawa kabisa. Nusu ya kwanza na ya pili zinatazamana kama mtu na kioo chake, na nadhani iliokoa watu. Sisemi shule zisingefungwa. Hakuna aliyejua tunapambana na nini, na hofu yetu haikuwa ya kuigiza.

Lakini neno "kawaida" lilikuwa na nyumba nyingi ndani yake. Mathe alikuwa anauza mitumba. Kawaida yake ilikuwa kufika Gikomba kabla jua halijatoka, bale zinapofunguliwa, maana ukichelewa unabaki na za kuokoteza. Kafyu ikamzuia kutoka. Mwishoni mwa Machi serikali ikapiga marufuku kuagizwa kwa mitumba kutoka nje, na marufuku hiyo haikuondolewa hadi Agosti. Kwa hiyo kawaida ya mathe ilikuwa chakula chetu, na alipoambiwa aiache, hakuna aliyemwambia ashike nini. Alichoshika ni karai la mafuta. Na aliyelisimamia karai, kwa sababu mathe alikuwa akizunguka kutafuta kufua nguo za watu, ni mdogo wangu, aliyekuwa Kidato cha Pili.

Tarehe 7 Julai Waziri wa Elimu, George Magoha, akatangaza kwamba mwaka wa masomo wa 2020 uhesabiwe kuwa umepotea. Hakuna KCPE, hakuna KCSE, tutaanza upya Januari. Baadaye mambo yalibadilika kidogo. Gredi ya 4, Darasa la 8 na Kidato cha 4 walirudi tarehe 12 Oktoba, na wengine wote tarehe 4 Januari 2021. Lakini lile neno halikubadilika. Likaingia magazetini, kanisani, kwenye matatu, kwenye mashairi yetu. Mwaka uliopotea.

Hapa ndipo ninapotaka kugombana na lugha. Kitu kilichopotea hakina aliyekichukua. Funguo zinapotea. Paka anapotea. Ukisema mwaka umepotea, unamaanisha uliteleza wenyewe ukaangukia kwenye mtaro na hakuna anayefaa kuulizwa. Mimi nasema mwaka ule ulitumika, kila saa yake, na swali la mwandishi linapaswa kuwa: ulitumiwa na nani?

Chukua mifano miwili ambayo tuliishabikia sana. Julai hiyohiyo, kampuni ya Loon ya wenye Google, ikishirikiana na Telkom Kenya, ilianza kurusha intaneti kwa maputo yaliyoelea juu kabisa angani, juu kuliko ndege zinapopita. Tulisambaza picha kwa furaha. Januari 2021 wenyewe wakatangaza wanaifunga Loon. Mwandishi angepata nini zaidi? Intaneti ilipita juu ya vichwa vya watu, kwa maana zote mbili, ikaenda zake. Lakini tuliiandika kama habari ya ushindi, na ilipokufa hatukuandika kitu.

Mfano wa pili: shule moja ya binafsi huko Mwea, Kirinyaga, iliyogeuza madarasa kuwa vibanda vya kuku na uwanja kuwa shamba la mboga. Ile picha ilizunguka dunia. Watu wakasema, onyesheni ubunifu kama huu. Ukiitazama bila kupiga makofi unaona kitu kingine: shule za binafsi hutegemea karo, karo ikikauka mshahara unakauka, na walimu wengi wa shule hizo kote nchini walibaki hawana kitu. Kuku walikuwa jawabu la swali ambalo hakuna aliyetaka kuliuliza. Ubunifu wa mtu aliyebanwa ni mzuri kuusifu ukiwa umekaa kwako umeshiba.

Sasa nieleze kwa nini nimeanza kusema haya leo. Desemba tulikuwa tukihama nyumba, nikakuta daftari la hesabu la mdogo wangu. Ukilifungua kwa mbele, kuna mwandiko wa shule, mstari mwekundu pembeni, tarehe juu. Tarehe ya mwisho ni 13 Machi 2020. Swali la nne halijamalizika. Ukiligeuza na kulifungua kwa nyuma, kuna hesabu nyingine, kwa kalamu ya penseli. Unga 130. Mafuta 60. Sukari 30. Makaa 50. Mandazi 40 kwa 10. Faida 130. Siku inayofuata tena. Siku nyingine mandazi 11 yamelala, hasara imeandikwa. Kuna majina ya ploti na madeni yao: Mama fulani 20, wa gorofa ya pili 40, askari 30. Waliolipa wamekatwa kwa mstari.

Nimesoma riwaya kadhaa zilizonishughulisha kidogo kuliko kurasa zile. Hazina neno hata moja la huzuni. Halafu, katikati ya Juni, kuna mstari huu: Bro, data, 50. Wiki iliyofuata: Bro, data, 50. Julai: Bro, data, 100. Haikukatwa hata moja.

Nyumbani tulikuwa na simu moja ya maana, nayo ilikuwa yangu. Chuo kikaanza masomo ya mtandaoni, nami nikawa nakaa kitandani na simu imeegemezwa kwenye thermos, nikisema nasikia, sisikii, sasa nasikia. Walimu wake walikuwa wakituma kazi kwenye kikundi cha WhatsApp, kwenye simu hiyohiyo. Alikuwa akija mlangoni ananiuliza, "Umemaliza?" Nami namwambia, "Ngoja kidogo." Alikuwa anarudi kwa mafuta yake. Baada ya miezi miwili akaacha kuuliza, nami nikaona ni kwa sababu hapendi kusoma. Nilifikiri hivyo kweli. Mwaka wangu wa pili nilipita vizuri.

Kwa hiyo ukiniuliza mwaka wake ulienda wapi, siwezi kukwambia ulipotea. Najua sehemu ya mwaka huo iko kwenye cheti changu.

Alirudi shule Januari, wiki tatu baada ya wengine kwa sababu ya karo. Walimu walikuwa wanakimbia. Kalenda ilibanwa, mihula ikakatwa, hadi mwaka 2022 ukawa na KCSE mbili, moja mwanzoni na moja mwishoni. Alifanya ile ya mwishoni. Katika ile mbio, hakuna aliyemuuliza alijifunza nini kwa miezi tisa. Wala mimi. Ni msichana aliyeendesha biashara akiwa na miaka kumi na tano, akajua hasara ni nini kabla ya kufika kwenye ukurasa wake kitabuni, na shule ikamrudisha kwenye swali la nne kama mtu aliyeamka usingizini.

Ninachotaka kutoka kwa wanaoandika kuhusu ule wakati, nikiwemo, ni kitu kidogo. Tupunguze gonjwa. Virusi havina tabia, havifai kuwa mhusika mkuu. Tuandike simu ilikuwa ya nani. Tuandike nani alikaa kwenye kiti na nani alisimama mlangoni. Familia nyingi zilivuka 2020 kwa sababu mtu mmoja ndani ya nyumba alilipa zaidi ya wengine, na mara nyingi ni msichana, na mara nyingi anayeandika hadithi ya familia hiyo baadaye ni yule aliyekuwa na simu.

Nilimpigia kumwomba ruhusa ya kuandika hapa. Sasa ana kibanda chake cha chakula na hana muda wa simu ndefu. Nikamweleza kuhusu daftari, madeni, na jinsi ninavyojisikia. Akanisikiliza, kisha akacheka.

"Andika," alisema. "Lakini usiniweke eti nilikuwa nateseka. Weka ile faida."

Nikanyamaza kidogo, sekunde tatu nne hivi. Sikusema vizuri sana. Nikamuuliza jumla yangu ni ngapi, na akaanza kuhesabu.